Njoo na kibodi yake

Msimu mmoja wa karafuu nilimpigia mama mmoja wa Wete, Pemba, Windows mara mbili, yaani nilimwekea upya, kwa maradhi ambayo hayakuwa ya Windows. Mara ya pili nikamfutia qasida zake. Naandika haya kwa sababu ya zile qasida, na kwa sababu hadi leo naletewa kompyuta zenye maradhi yaleyale, wenyewe wameshaambiwa kwengine kwamba mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa.

Yule mama ana duka la stesheneri. Anachapa barua, anatoa kopi, anauza madaftari na kalamu. Alinijia Chake Chake kwa gari ya asubuhi, sipiyu, lile boksi la kompyuta, ameipakata mapajani njia nzima. Tukasalimiana, nikamuuliza ina nini.

"Mwanangu, nikiiwasha haifiki. Kinakuja kioo cha buluu, kina maandishi mengi ya Kizungu, saa, tarehe, na vyengine sivijui. Nikizima nikiwasha, hukohuko."

Aliyokuwa akiyaeleza ni mipangilio ya bayosi, ile programu ndogo iliyomo ndani ya mazabodi inayoamka kabla ya kila kitu. Nikaiunga sipiyu yake mezani kwangu, nikawasha. Ikapita moja kwa moja mpaka Windows. Nikazima, nikawasha, mara tano. Nzima. Hapo ningenyamaza nikafikiri. Badala yake nikamwambia huenda ni kirusi, nikampigia Windows mpya, nikachukua pesa yake, akarudi Wete.

Siku ya pili yake akanipigia simu: hukohuko. Akaja tena na sipiyu yake. Mezani kwangu ikawaka vizuri tena. Safari hii nikaona nisafishe diski nzima, kisibakie kitu. Nikamuuliza kama kuna vitu vya muhimu. Akasema vyote viko hapo mbele, akionesha kioo kwa kidole, nami nikavinakili vya pale mbele. Qasida za kikundi chao cha maulidi hazikuwako pale. Zilikuwa kwenye folda nyengine, alikoziweka mwanawe ili zisichezewe. Alikuwa amezichapa kwa miezi, usiku baada ya kufunga duka, bibi mmoja akimtajia beti kwa beti kutoka kichwani. Nilijua zilikuwamo baada ya kuwa hazimo.

Mara ya tatu sikumwambia aje. Nilikwenda mwenyewe.

Nilifika Wete saa nne. Kibarazani pametandazwa jamvi la karafuu zinazoanika, na ndani, kwenye meza ileile ya kompyuta, binti yake ana ungo wa karafuu mbichi anazichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, macho yako mlangoni kwa wateja. Nikaiwasha mashine. Kioo cha buluu kikaja. Nikatoka, nikaizima, nikawasha: kikaja tena. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona maradhi kwa macho yangu, na palepale nikajiuliza nililopaswa kujiuliza tangu siku ya mwanzo: kule kwangu imewaka na hapa haiwaki, ni kitu gani kilichobaki hapa?

Kilichobaki ni kioo, kipanya, waya wa umeme na kibodi.

Nikazima, nikachomoa kibodi, nikawasha. Windows. Nikazima, nikaichomeka, nikawasha. Kioo cha buluu. Nikainama mpaka jicho langu likawa sawa na meza, kama seremala anavyoangalia ubao kama umepinda, nikaitazama safu ya vitufe kutoka ubavuni. Vyote vilikuwa kimo kimoja isipokuwa kimoja. Kitufe cha Delete kilikuwa kimekaa chini ya wenzake kwa unene wa ukucha. Pembeni yake, katika ule upenyo mwembamba unaokitenga na jirani yake, kulikuwa na konyo la karafuu, limejikita wima kama kabari. Binti alibonyeza, konyo likaingia, kitufe hakikupanda tena.

Mama akachomoa pini kwenye ushungi wake akanipa. Nikalinyofoa konyo. Kitufe kikaruka juu, kikatoa mlio mdogo tuliousikia sote watatu.

*

Kwa nini Delete? Kwa sababu kompyuta nyingi, katika zile sekunde chache za mwanzo, hutega sikio kwa vitufe maalumu. Delete kwa nyingine, F2 kwa nyingine, ndiyo njia ya kuingia kwenye mipangilio. F12 kwa baadhi yake hufungua orodha ya kuchagua iwakie diski gani. Kitufe kikikwama chini, kompyuta haina namna ya kujua kwamba hakuna kidole juu yake. Inatii. Mtu anaona mashine imerogwa, inajiingiza yenyewe isipotakiwa, na ukweli ni kwamba inaamrishwa na konyo.

Kibodi nyengine haifanyi hivyo, husema. Kibodi si kipande cha plastiki chenye waya tu. Ndani yake mna chipu yake mwenyewe. Umeme ukiingia, chipu hujipima kabla ya kupokea chochote. Taa tatu za pembeni humetameta mara moja, na hapo ndipo inapojikagua. Zile kibodi za tundu la duara, ikijiona nzima huipelekea kompyuta neno moja fupi ambalo mafundi huliandika AA. Ikijiona na kasoro hupeleka FC. Lisipofika neno lolote kwa muda uliowekwa, kompyuta husimama na kuandika, kwa Kiingereza, maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: hitilafu ya kibodi, au kibodi haipo, bonyeza F1 uendelee.

Watu wengi huyaona maneno hayo hayana maana, kwa kuwa yanakutaka ubonyeze kitufe cha kibodi ambayo haipo. Mimi nayaona yana maana kamili. Mashine inasema: nimesimama, sitakwenda mbele mpaka mtu aje aangalie. Izime, irudishe kibodi mahali pake, uwashe. Maneno yakija tena na kule kubonyeza kwako F1 kukapita, basi umeshaijaribu. Kama F1 haipiti, umeshapata jibu pia.

*

Haya sikuyasoma chuoni. Alinifundisha ami yangu, Unguja, katika chumba kimoja Mlandege ambamo kabla ya kompyuta alikuwa akitengeneza mashine za taipu. Ami alikuja kwenye kompyuta kwa njia ya taipu, na naamini ndiyo maana alikuwa hodari wa kibodi kuliko vijana waliosoma. Kwenye taipu kasoro unaiona: mkono wa herufi umenasa juu ya mwenzake, unauachanisha kwa kidole, kazi imekwisha. Kompyuta ilimfichia ile mikono, naye hakukubali kufichwa.

Ukutani alikuwa amebandika kipande cha boksi alichochora kibodi nzima kwa kalamu, na juu ya kila kitufe ameandika nambari. IBM ilipotoa kompyuta yake ya kwanza ya mtu binafsi mwaka 1981, hitilafu ya kibodi iliitwa 301. Na kama kuna kitufe kilichokwama, mbele ya 301 zilitangulia tarakimu mbili za kitufe chenyewe. Nambari ile ya 301 ilirithiwa na watengenezaji wengine, na katika mitumba iliyokuwa ikishuka bandarini tulikuwa bado tukiiona miaka ya 2000 na kitu. Ami alikuwa akiitazama skrini, anageukia boksi lake. Ikiwa 39, kitufe kirefu cha nafasi. Ikiwa 1C, Enter. Ikiwa 01, Esc. Anakwenda moja kwa moja kwenye kitufe kile, hagusi kitu chengine.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hataki kujaribu kwanza kubadilisha ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa kuwa mafundi wenzake wakibadilisha ramu kwa kila kitu. Akaniambia, "Mashine imekutajia jina la mgonjwa, wewe unakwenda kumpima jirani?"

Kompyuta nyingi za leo hazitoi nambari zile. Nyingi husema kwa maneno tu kwamba kuna kitufe kilichokwama, bila ya kutaja kipi, na nyengine hulia tu. Mlio huo unajulikana: ti-ti-ti mfululizo, haukomi. Bayosi ina kisanduku kidogo cha kuwekea vibonyezo vinavyosubiri, na katika kompyuta za jadi kilibeba vibonyezo 15 tu. Kitufe kikikwama kinapeleka herufi moja bila kusita, kisanduku kinajaa mara moja, na kila kinachozidi kinapokelewa kwa mlio. Nimeletewa kompyuta ya mkononi iliyokuwa ikilia hivyo, mwenyewe ameambiwa ni ramu. Ilikuwa Enter, na chini ya Enter kulikuwa na chai ya maziwa iliyokauka na sisimizi wanne.

*

Lakini F1 peke yake isikudanganye. Maneno "bonyeza F1" huja pia kwa jambo jengine kabisa, na hili nililijua vizuri Machi 2010.

Wa Unguja hawataisahau. Disemba 2009 njia ya umeme unaotoka bara iliharibika na kisiwa kikakaa gizani kiasi cha miezi mitatu. Wenye jenereta walisukuma, wengi walizima tu. Kompyuta za maofisini na maskulini zikafunikwa vitambaa zikasubiri. Umeme uliporudi, chumba cha ami kikajaa sipiyu mpaka nje barazani, na karibu zote zikisema kitu kimoja mwishoni mwa maandishi: bonyeza F1.

Sisi vijana tukakimbilia kibodi, kwa mazoea. Ami akatusimamisha, akasema tusome na mstari wa juu. Mstari wa juu haukutaja kibodi. Ulisema kumbukumbu za mipangilio hazisomeki, au saa na tarehe hazikuwekwa. Kwenye mazabodi mna betri bapa mfano wa sarafu, CR2032, ya volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiwa umeizima, saa yake huenda kwa umeme wa ukutani na betri inapumzika. Ikikosa umeme kabisa, betri ndiyo inayobeba mzigo usiku na mchana. Betri zilizokuwa tayari zimezeeka hazikuihimili miezi mitatu. Tulibadilisha betri mpaka soko zima la Darajani zikawa adimu, na kibodi tulizozikuta na kasoro ya kweli zilikuwa chache tu katika mlolongo ule.

Kwa hiyo kompyuta ikisimama, usikimbilie mstari wa mwisho. Kama Kiingereza hukisomi, ipige picha kwa simu kabla hujagusa kitu, umtumie anayekisoma. Ningelikuwa nimemwomba yule mama wa Wete picha moja ya meza yake nzima, pengine ningeliona kitufe kile.

*

Kuna adui wa kibodi katika visiwa hivi ambaye si konyo wala chai, naye ni chumvi.

Kila mwenye jiko anaijua. Masika ikikaza, chumvi ya kibakulini hulowa bila kutiwa maji. Chumvi ya kawaida huvuta maji ya hewani, na unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi huanza kuyeyuka yenyewe. Kwetu kufika hapo si jambo la siku moja moja. Sasa fikiri nyumba iliyo karibu na pwani, kusi linavuma, dirisha la ofisi li wazi. Upepo ule hauji mtupu. Ile chumvi laini inatua juu ya meza, juu ya kioo, inaingia baina ya vitufe, inakaa. Mchana jua likikausha haifanyi kitu. Usiku unyevu ukipanda inalowa, na maji ya chumvi hupitisha umeme na hula madini.

Fungua kibodi ya kawaida uone. Geuza, toa skrubu zote, na ujue kuna moja au mbili zimejificha chini ya karatasi ya lebo. Ndani utakuta mpira wenye vijikombe, kijikombe kimoja kwa kila kitufe, ndivyo vinavyokipandisha kitufe ukiachia. Chini ya mpira mna karatasi tatu za plastiki nyembamba. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za rangi ya fedha, na ya kati ina matundu tu. Ukibonyeza, karatasi ya juu inazama tunduni inagusa ya chini, na chipu inajua ni wapi. Njia hizo zimepangwa kama nyuzi za ukili, mistari ya kwenda na mistari ya kukata, ndiyo maana waya chache zinatosha vitufe zaidi ya mia. Na ndiyo maana mstari mmoja ukiliwa na kutu hakifi kitufe kimoja, hufa kundi. Ukiona vitufe vinne au vitano vimekufa kwa pamoja na vyengine vizima, usihangaike na vitufe. Tafuta palipogeuka kijani au peusi kwenye ile njia ya fedha.

Kuziosha inawezekana, nami nimeziokoa nyingi. Mfuniko na vitufe peke yake vitie sabuni upendavyo. Karatasi zenye njia ziguse kwa kitambaa laini na spiriti kidogo sana, bila kusugua, kwa kuwa ile rangi ya fedha imepakwa tu na inatoka. Maji ya kusuuzia yawe ya mvua au ya kununua. Visima vingi vya kwetu vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na ukisuuzia kwa maji hayo umeirudisha kasoro uliyoitoa. Kisha anika kivulini penye upepo, siku mbili kamili. Juani plastiki inajipinda, na kitufe kilichojipinda kitakwama tena kesho.

Fundi mwenzangu mmoja huniambia napoteza muda, kibodi mpya si ghali. Kwa mwenye duka mjini labda. Nimeona skuli iliyokuwa na chumba cha kompyuta chenye mashine ishirini, saba zimewekwa pembeni kama mbovu, na maalim anafundisha watoto watatu watatu kwenye mashine moja. Katika zile saba, tano zilikuwa na kibodi tu. Nilizifanyia kazi siku moja na kurudi siku ya tatu, na gharama ilikuwa chupa ya spiriti na nauli yangu. Watoto wale walikuwa wanajifunza kuandika kwa zamu huku kompyuta tano nzima zimelala chini ya kitambaa. Jambo hilo linanikera mpaka leo, na simlaumu maalim, kwa sababu alimwita mtu na akajibiwa kuwa haziponi.

*

Niliseme na hili la kuifumba mashine mdomo, maana linafanywa sana.

Ndani ya mipangilio ya bayosi nyingi kuna mahali panapouliza: isimame kwa hitilafu zipi? Unaweza kuchagua isimame kwa zote isipokuwa za kibodi. Chaguo hilo lina kazi yake ya halali. Kompyuta ya kamera za duka, au inayorusha matangazo, ambayo hufungiwa chumbani bila kibodi, lazima iwake yenyewe umeme ukirudi usiku. Hiyo iwekee. Lakini nimeona likitumiwa kwa kompyuta ya mtu ya kila siku: fundi anakuta maneno ya hitilafu, hayaelewi, anayazima, anakabidhi mashine imepona. Mwenyewe anafurahi wiki moja. Kisha kitufe kilekile kilichokuwa kikilalamika kinaanza kumwandikia herufi katikati ya barua, au kumfutia. Kwangu huo ni udanganyifu, hata kama fundi hakukusudia.

Na kwa kibodi za USB, mambo ni mengine kidogo. Hizi nyingi hazina kasoro yoyote, ila bayosi haijaziona wakati ule wa mwanzo. Umeichomeka kwenye kigawanyio cha USB, au kwenye tundu la mbele ambalo waya wake wa ndani umelegea. Ihamishie tundu la nyuma, lililo kwenye mazabodi yenyewe, na kama matundu ni ya rangi mbili jaribu jeusi kabla ya buluu. Yale ya buluu ni ya USB 3, na katika mashine za zama za Windows 7 mara nyingi hayakuwa yakifanya kazi mpaka programu yake iwekwe. Kama bayosi ina chaguo la kuwaka kwa haraka, lizime ujaribu. Haraka ile hupatikana kwa kuruka baadhi ya ukaguzi. Kibodi isiyo na waya, angalia betri kwanza, kisha azima yenye waya.

Zile za tundu dogo la duara, ambalo baadaye lilitiwa zambarau kwa kibodi na kijani kwa kipanya, zilianza na kompyuta za IBM za mwaka 1987 na bado zipo nyingi huku kwetu. Hizo usizichomeke wala kuzichomoa mashine ikiwa inawaka. Hazikuundwa kwa hilo, na kwenye mazabodi fyuzi ndogo sana inaweza kuungua, ukatafuta kosa kwenye kibodi nzima. Tazama na meno yake sita kabla ya kusukuma. Mkono wa haraka huyapinda.

Simu zinazonijia asubuhi huanza na swali langu moja: "Zile taa tatu zimemeta ulipowasha?" Zikiwa hazikumeta kabisa, mara nyingi umeme haufiki: waya, tundu au fyuzi. Zikimeta na kompyuta ikasimama kwa hitilafu ya kibodi, huenda kitufe kimekwama. Nikitaka kuhakikisha namwambia abonyeze Num Lock atazame taa yake. Wengi hudhani taa ile huwashwa na kibodi. Sivyo. Kibodi hupeleka habari kwamba kitufe kimebonyezwa, na kompyuta ndiyo inayorudisha amri ya kuwasha taa. Taa ikibadilika, wawili hao wanaongea na waya ni mzima. Maalim mmoja wa mji wa Mkoani, Pemba, nilimtibia mashine yake kwa simu namna hii, yeye ameinama jicho sawa na meza, ananitajia safu moja baada ya nyengine, mpaka akapiga kelele, "Hiki hapa, Shift ya kushoto!" na wanafunzi nyuma yake wakashangilia.

Kompyuta ya mkononi ni ngumu zaidi kwa sababu kibodi yake haichomoki kwa mkono. Kuichomekea nyengine ya USB hakuinyamazishi ile ya ndani kama ndiyo yenye kitufe kilichokwama. Lazima ufungue, uchomoe utepe wake kwenye mazabodi kwa kuinua kifungio kwa ukucha, ndipo uwashe na ile ya nje. Ikiwaka salama, umempata mgonjwa.

*

Nilirudi Wete Ijumaa iliyofuata, baada ya sala. Kibodi yake nilikuwa nimeifungua yote, nikatoa vumbi la karafuu lililojaa chini ya vitufe, la kahawia, lenye mafuta, linanukia hata baada ya kuoshwa. Bibi wa qasida aliletwa akakalishwa kitini karibu na dirisha. Mama akataka kuchapa mwenyewe, nikamwomba anipe mimi kiti.

Bibi alitaja, nikachapa. Alikuwa hawezi kuutaja ubeti bila ya kuuimba, na akikatizwa katikati hurudi mwanzo, kwa hiyo nikajifunza kungoja mpaka amalize, ndipo niandike. Tulikwenda hivyo Ijumaa sita. Qasida mbili hazikurudi zote. Bibi alisema zilikuwa za marehemu dada yake, na kwamba mara ya kwanza zilimjia kwa sababu siku ile alikuwa amemuota. Nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe, akaendelea na nyengine.

Binti sasa huchambua karafuu uani.

Mama bado huniletea mashine yake kila masika kwa kusafishwa, ingawa duka limeshakuwa na kompyuta mbili. Hushuka garini sipiyu ameikumbatia, na juu ya sipiyu kibodi, imefungwa kwa kanga kuukuu pamoja na waya wake, na kipanya. Hata nikimwambia kwa simu kwamba safari hii naihitaji sipiyu tu, huja navyo vyote vitatu.

"Nimekuletea na yake," huniambia, akiiweka mezani kwa mikono miwili.

Nami naifungua ile kanga kwanza.